Kioo Kipya Jikoni kwa Fannie

Bonde la Weaver, Ohio
22 Januari 2024

Binti Corinne,

Barua yako imenifikia na nguruwe wangu wote wazima, kama ulitaka kujua. Najua hukuuliza. Watu wa mjini hamuulizi, mnaingia moja kwa moja kwenye maiti.

Umeniandikia "Mheshimiwa Bwana Joas Schlabach." Ondoa vyote viwili. Heshima ilinikimbia siku niliyomaliza darasa la nane, ambalo kwetu ndilo la mwisho, na Bwana tunaye mmoja tu, naye hafugi nguruwe. Tena Joas Schlabach huku tumejaa. Ukiuliza njiani, sema unamtaka Joas wa Bata. Sababu ya hilo jina sikwambii. Bata mwenyewe alikufa na siri yake.

Unasema wewe na wenzako mnatengeneza filamu ya mambo ya kweli juu ya kifo cha shemeji yangu Ammon Raber, aliyepigwa risasi jikoni kwake mwaka 1987, na kwamba mpaka leo hakuna aliyeshtakiwa. Yote hayo ni kweli. Halafu unasema mngependa kusikia upande wa familia. Familia ni mimi hapa, na dada yangu Fannie, mjane wa Ammon, anayeishi sasa kwa binti yake kule Kentucky. Tunaokumbuka vizuri tumebaki sisi wawili, na mmoja wetu ni mwongo kidogo. Kisia ni nani.

Askofu wetu ametangaza kwamba mtu wa kamera asikanyage uwanja wa yeyote katika ushirika, na kwamba sisi tusikae mbele ya kamera. Hilo la pili halikuhitaji tangazo, hatujawahi. Lakini kuhusu barua hakusema neno, nami sikumkumbusha. Kwa hiyo wewe kaa hapo mjini kwenye nyumba ya wageni, mimi nikae hapa karibu na jiko la kuni, na Wendell Pruitt atatupelekea barua. Mmefanya vizuri kumkodi awaendeshe. Sisi dini yetu haituruhusu magari, tunakwenda kwa farasi, na Wendell ndiye miguu yetu ya mbali tangu akiwa kijana. Wake zetu amewawahisha kujifungua, wazee wetu amewarudisha wakazikwe. Ni Mwingereza. Kwetu kila asiye wetu ni Mwingereza, hata awe Mkorea. Lakini ni Mwingereza mwema. Mwambie gari lake linalia kwenye kona kama nguruwe aliyebanwa na mlango.

Na kile kipanga chenu cha chuma chenye kamera kilichopita juu ya banda langu Jumanne, kisirudi. Nguruwe wangu mmoja mwenye mimba alijaribu kuingia ndani ya ndoo.

Bahasha sikuifunga. Gundi yake ina ladha ya buti.

Wako ndani ya theluji,
Joas wa Bata

•

Mjini
25 Januari 2024

Mzee Joas,

Kipanga hakitarudi. Mpe pole nguruwe.

Naona unapenda mtu wa kusema wazi, basi nitasema wazi. Nimeishi na kesi hii miaka miwili. Filamu inaitwa Jiko Safi. Nakuandikia tulichonacho ili kesho usije ukasema tulikuvizia.

Asubuhi ya siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, Ammon alipigwa risasi moja ya kifua, amesimama jikoni kwake. Sherifu alikuwa mbali, akafika karibu na adhuhuri. Alikuta sakafu imesuguliwa kwa sabuni. Maiti ilikuwa imeoshwa na kuvishwa nguo nyeupe, dirisha lina kioo kizima kinachong'aa, na wanawake wamejaa jikoni wanapika. Hapakuwa na tone la damu. Risasi ilikuwa ya aina ileile ya bunduki ya Ammon iliyoning'inia juu ya mlango. Dada yako alikataa kuapa mbele ya kikao cha uchunguzi. Baada ya mazishi alimwambia mwandishi wa gazeti jambo moja tu: "Nimeshamsamehe." Alimsamehe nani, ikiwa muuaji hakujulikana? Na miaka miwili baadaye aliolewa na jirani yake Sylvanus Troyer, mtu wa kwanza kuingia jikoni asubuhi ile.

Mtazamaji atajiuliza kama ninavyojiuliza mimi. Sisemi dada yako ni muuaji. Nasema njia zote zinaishia mlangoni kwake. Mwisho wa mwezi wa pili tunafunga kazi. Asipotokea mtu akasema jingine, filamu itaishia na jina la Fannie.

Najua ni dada yako. Ndiyo maana nimekuandikia wewe kwanza.

Wako,
Corinne Abelson

•

Bonde la Weaver
29 Januari

Binti Corinne,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani ya marehemu mke wangu Verna, maana yangu ilikaliwa na nguruwe. Haikubadilika. Bado Fannie ni muuaji na mimi bado ni mzee wa bata.

Sasa nisikilize. Wewe umeona jiko safi ukasema, hapa ameuawa mtu na mwenye nyumba. Kwetu nyumba ya msiba ikiwa na jiko chafu, hiyo ndiyo jinai. Mtu akifa, wafiwa hukaa. Hawakamui ng'ombe, hawachoti maji, hawafagii hata mahali walipoangusha makombo. Watu huja na ndoo zao na brashi zao, wakafanya yote mpaka siku ya kaburi. Nilipofiwa na Verna sikuruhusiwa kuvua buti langu mwenyewe. Alinivua shemasi Ervin, na mpaka leo sijui soksi zangu alizipeleka wapi.

Basi asubuhi ile Fannie alipiga kengele ya chakula, ile ya nje, akaipiga bila kuacha. Sylvanus alikuja mbio kwa sababu shamba lake lilikuwa limepakana na lao, si kwa sababu nyingine unayoiwaza. Akamkuta Ammon chini, akakimbia kwa Mwingereza mwenye simu. Daktari akafika, akasema huyu amekufa, akaondoka. Kwetu hiyo ilikuwa sawa na kufungua lango. Wanawake wakaingia na brashi.

Na dirisha? Dirisha lilikuwa na tundu, na kioo kimepasuka mpaka pembeni. Baridi ilikuwa ya kukata masikio. Mjane ana watoto wanne, na upepo unaingia jikoni unavyotaka. Tungefanyaje, tungemwambia subiri serikali? Mimi na Sylvanus tulikwenda tukang'oa kioo cha banda lake la kuku, kwa sababu Ammon ndiye aliyewatengenezea watu wote wa barabara ile madirisha, na alitumia kipimo kimoja tu maisha yake yote. Tukakitia. Na hapa nitajisifu, shemasi asisikie: kioo kile kilikaa bila kunung'unika. Hata kisu chembamba hakikupita ukingoni. Vipande vya kile cha zamani tukavitupa shimoni chooni, watoto wasije kukanyaga.

Sherifu akafika. Akauliza, "Risasi imetoka wapi?" Tukamwonyesha dirisha. Akalitazama dirisha. Dirisha nalo likamtazama, zima, limepanguswa kwa siki, anajiona ndani yake mpaka masharubu. Akatugeukia.

"Mnanifanyia mzaha?"

"Hapana," akasema Sylvanus, "tumebadilisha kioo."

"Mmebadilisha kioo."

"Kulikuwa na baridi."

Binti, sijawahi kuona mtu mzima akivua kofia na kuivaa tena mara nyingi namna ile. Lakini hatukumficha kitu. Kuapa hatuapi, hata kwa mambo madogo. Ndiyo yetu ni ndiyo. Aliandika anachotaka akaenda zake.

Kuhusu ndoa yao: Fannie alikuwa na watoto wanne, Sylvanus mkewe alikuwa amekufa kwa homa akamwachia watano. Ungewahi kupikia uji watoto tisa kwenye meza moja, ungejua mapenzi yale yalikuwa na harufu gani.

Hatajitetea dada yangu. Hatukufundishwa kujitetea. Kujisifu pia hatukufundishwa, lakini hilo nilijifunza mwenyewe.

Bahasha iko wazi tena. Usinikaripie.

Joas

•

Mjini
2 Februari

Mzee Joas,

Nimecheka peke yangu kwa habari ya sherifu na kofia yake, na mpigapicha wetu akafikiri nimechanganyikiwa. Kisha nikaacha kucheka. Kama ni kweli, hiki ni kitu ambacho hakuna aliyewahi kutuambia kwa miaka miwili. Lakini ni barua tu. Shimo limefukiwa, Sylvanus ni marehemu, kioo cha banda la kuku hakisemi, na wewe hukai mbele ya kamera. Wakubwa wangu wataniambia, "Mzee anamlinda dada yake," nami nitawajibu nini?

Tena umejibu yote isipokuwa moja. Risasi ikiwa ilitoka nje, ilitoka kwa mtu. Na Fannie alisema amemsamehe. Huwezi kumsamehe mtu usiyemjua, au mnaweza hata hilo?

Nipe jina, Mzee Joas. Jina moja, nami filamu hii naigeuza.

Wendell amekuwa mwema sana kwetu, ingawa siku hizi amenyamaza. Jana tulipopita nyumba ya zamani ya Raber alisimamisha gari, akashuka, akasimama kwenye theluji bila koti. Alisema ni kizunguzungu. Ana miaka hamsini na kitu, nafikiri aonwe na daktari.

Corinne

•

Bonde la Weaver
4 Februari

Dada Fannie,

Nguruwe wazima. Nyonga yangu inaniuma upande uleule, na upande wa pili unaanza kuona wivu.

Yule binti wa filamu si mtu mbaya. Ana kichwa, na akiambiwa kitu anasikia. Lakini amekosa kipande kimoja cha hadithi, na kwa kukosa hicho atakuweka wewe mwisho wa filamu yake, nchi nzima ikutazame na kusema, ndiye huyu bibi aliyemmaliza mumewe. Wajukuu zako wataulizwa sokoni.

Nilikuahidi nyuma ya mlango wa stoo yako kwamba jina lile sitalitamka kwa mtu. Sijalitamka. Hata nguruwe hawalijui. Nakuomba sasa unifungue. Jina moja tu, dada. Si kwa ajili ya kulipiza, unajua mimi mvivu wa kulipiza. Kwa ajili yako.

Mdogo wako,
Joas

•

Kentucky
10 Februari

Mdogo wangu Joas,

Hapana.

Lile jambo nililetewa mimi, mlangoni kwangu, na mtoto aliyekuwa akitetemeka. Si lako kuligawa. Wala si langu. Nilimwambia aende kwa sherifu mwenyewe, na njia anaijua. Kumpeleka mtu kwa sherifu siyo kazi yetu, na msamaha niliompa sikuufunga kamba ya kumvutia nikichoka kungoja.

Filamu ikitoka itatoka. Nitakwenda dukani kama kawaida, watu watanitazama, na nitanunua sukari.

Jicho la kushoto limekwisha kabisa. La kulia bado linatunga uzi kwenye sindano. Namalizia mfarishi wa mjukuu wa nne.

Acha kula nyama ya mafuta usiku.

Fannie

•

Bonde la Weaver
14 Februari

Binti Corinne,

Dada yangu amekataa. Liandike hilo kwenye filamu yako ukipata nafasi: nimemwomba anifungue mdomo ajiokoe, akaandika "Hapana," akaweka nukta. Barua nzima haikujaza upande mmoja, na robo yake ni kuhusu nyama ya mafuta.

Jina sitakupa. Niliahidi, na pamoja na uhuni wangu wote ahadi sijavunja. Lakini kuhusu Fannie mwenyewe nilichokiona mimi ni changu, nami nitakupa.

Jioni ya mazishi watu walikuwa bado wanakula. Mimi nilikuwa ndani ya stoo ya Fannie, nyuma ya mlango, nikijihudumia keki ambayo haikuwa zamu yangu. Mlango wa nyuma ukagongwa, Fannie akafungua. Alikuwa mtoto wa Waingereza, miaka kumi na sita hivi, kofia mkononi. Siku aliyokufa Ammon alikuwa amekwenda kuwinda kwa mara yake ya kwanza. Aliona kitu cha kahawia kikikatiza miti, akapiga. Kulungu akakimbia, risasi ikaendelea na safari yake. Hakujua kitu mpaka alipoona magari ya farasi yamejaa uwanjani kwa Ammon, na kilima alichopigia kiko palepale juu yake.

Alisema yote hayo kwa kwikwi, akitazama viatu vya Fannie. Na dada yangu, ambaye asubuhi ile alikuwa ameweka mkono wake juu ya jeneza, alimsikiliza amesimama mpaka akamaliza. Akamvuta ndani, akamkalisha, akamkatia pai. Akamwambia, "Mimi nimekusamehe, na hilo limekwisha. Kwa sherifu utakwenda mwenyewe, kwa miguu yako. Sitakwenda badala yako, wala sitamtuma mtu." Akamngoja ale. Mimi sijawahi kumwona mtu mkubwa kuliko yule mwanamke mfupi.

Mtoto hakwenda. Aliogopa. Kisha mama yake akaugua, kisha mwaka ukawa kumi. Sasa ni mtu mzima, tena mwema kupita wengi, na hapo ndipo ubaya ulipo. Angekuwa mwovu ningekuwa nalala. Fannie hajamkumbusha hata siku moja. Amemsalimia, amempa mayai, amemuuliza habari za mama. Mimi ningemkumbusha kila Jumatatu.

Amenijibu kwamba filamu yako ikitoka atakwenda dukani kama kawaida, watu watamtazama, na atanunua sukari. Ana miaka themanini na moja na jicho moja. Nataka mtu huyo, popote alipo leo, ajue kwamba dada yangu atanunua sukari akitazamwa. Na ajue kwamba hatamchukia kwa hilo. Usiku atamwombea kama alivyomwombea tangu siku ile ya pai, na ninajua, maana nimelala nyumbani kwake nikasikia kupitia ukuta. Jina lake hutangulia. Langu huja baadaye, pamoja na ng'ombe.

Wewe fanya kazi yako kama dhamiri yako inavyokutuma. Mimi nimemaliza, na najivunia dada yangu mpaka naona aibu.

Bahasha iko wazi kama siku zote.

Joas

•

Mjini
23 Februari

Mzee Joas,

Barua yako ya tarehe kumi na nne nimeipata jana. Wendell hajawahi kuchelewesha barua zaidi ya siku moja. Hii alikaa nayo wiki nzima.

Jana alikuja kutuchukua kama kawaida. Badala ya kushika barabara kuu alipanda kile kilima cha juu ya nyumba ya Raber, akazima gari. Tukamwuliza kuna nini.

"Washeni hicho kidude chenu," akasema.

"Wendell, hapa hatukupanga kupiga picha."

"Washeni kabla sijageuza gari."

Mpigapicha akawasha. Wendell hakushusha kioo, hakututazama. Alitazama mbele, chini kule, lile dirisha la jikoni, na akasema kwamba alikuwa na miaka kumi na sita, kwamba bunduki ilikuwa ya baba yake, kwamba aliona kitu cha kahawia. Alisema yote. Alitaja hata pai, kwamba lilikuwa la tufaha na hakuweza kumeza na akalimeza. Alisema amewaendesha watu wenu miaka yote hii kwa sababu hakujua namna nyingine ya kukaa karibu na mlango ule bila kuugonga. Nikamwuliza, kwa nini leo? Akasema, "Sukari."

Wenzangu hawakuelewa, hata mimi sikuelewa. Kisha akanipa bahasha yako, nikasoma palepale kwenye kiti cha mbele, naye akiwa ameshika usukani kana kwamba gari linakwenda.

Alitupeleka mjini. Aliegesha gari mwanzo wa mtaa, mbali na ofisi ya sherifu. Nikamwambia, "Wendell, kuna nafasi ya kuegesha pale mlangoni kabisa." Akasema, "Najua." Akashuka, akaenda kwa miguu.

Filamu imegeuka. Jina litabaki Jiko Safi, lakini sasa litakuwa na maana nyingine. Nimekaa miaka miwili nikitafuta alichoficha mwanamke yule, na nilikuwa ninapelekwa huku na huko kila asubuhi na kitu chenyewe.

Una jambo moja la kunijibu. Ulijua kwamba Wendell anazisoma barua zako?

Corinne

•

Kentucky
5 Machi

Mdogo wangu Joas,

Wendell alikuja Jumamosi. Amekonda, lakini amekaa kwenye kiti kama mtu mwenye kiti. Zamani alikuwa akikaa ukingoni. Sherifu wa sasa alikuwa hajazaliwa mwaka ule. Ameandika maelezo yake, akampa kahawa, akamwambia mambo yatakwenda kwa wanasheria na asubiri barua. Angoje, nilimwambia. Kungoja kunawezekana.

Amenieleza kuhusu bahasha. Kwamba kila moja uliyompa ilikuwa wazi, na kwamba ya mwisho ulimpa mkononi ukamwambia, "Polepole na hii, ina mayai ndani." Haikuwa na mayai, Joas.

Hukuvunja ahadi. Uliikunja ukaitia mfukoni, kama ulivyofanya na kila kitu tangu utotoni. Jina hukulitamka kwa mtu. Ulimwandikia mwenye jina. Nimemwandikia shemasi Ervin anipime kama mimi ndiye niliyekosea kukukasirikia. Anaweza kuja kwako, usijifiche kwa nguruwe.

Asante sikwambii. Pai moja nimempa Wendell akuletee. Kama limefika nusu, si mimi.

Nimekwenda dukani. Hakuna aliyenitazama. Sukari imepanda.

Fannie

•

Bonde la Weaver
20 Machi

Binti Corinne,

Umeuliza kama nilijua. Binti yangu, mtu anayekuletea barua siku hiyohiyo, isipokuwa siku ambazo bahasha ni nene, ambapo inakuja kesho yake, wewe ungefikiri anafanya nini nayo usiku? Wewe nilikuandikia, usidhani vinginevyo, na nimekupenda kwa sababu unacheka mahali panapostahili. Lakini barua ilikuwa na safari mbili, na kituo cha kwanza hakikuwa wewe.

Ile siku nampa ya mwisho, nilisimama na fimbo yangu langoni mpaka gari lake likapotea kwenye kona, na halikulia. Nikajua ameendesha polepole.

Pai lilifika zima. Huyo ndiye Wendell, mtu wa namna hiyo. Tulilikata pamoja, hapa mezani kwangu. Aliniuliza tu, "Ulikuwa kwenye stoo ile siku ile kweli?" Nikamwambia nilikuwepo, na keki nilikuwa nimeiba. Akasema, "Basi sote wawili tulikuwa tukila tukiwa na hatia." Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka mpaka mwisho, huwa anakatiza njiani. Bado anatuendesha. Wanawake wamekutana wakaamua kwamba gari lake likilia kwenye kona mtu asitaje.

Unauliza katika barua yako ya juzi kama nitaitazama filamu. Umeme sina, televisheni sina, na askofu ninaye. Lakini nasikia nguruwe wangu wameonekana vizuri. Nguruwe hawajabatizwa, wao wanaruhusiwa.

Sasa habari zangu. Shemasi Ervin alikuja Alhamisi na barua ya Fannie mfukoni, uso mrefu mpaka hapa kifuani.

"Joas," akasema, "umetumia hila."

"Nimetumia."

"Na umejisifu. Umeandika kwa mtu wa dunia kwamba unamwona dada yako mkubwa kuliko watu wote."

"Nimeandika. Wewe humwoni hivyo?"

Akakohoa. Akatazama nguruwe. "Hilo si swali la kumwuliza shemasi," akasema. Kisha akanywa kahawa vikombe viwili na kuniomba nimsimulie tena pale sherifu alipojiona masharubu kwenye kioo.

Lakini sheria ni sheria. Meza ya Bwana ya masika imekaribia, na hakuna anayekaribia akiwa na kitu moyoni. Jumapili nitapiga magoti mbele ya ushirika wote, mimi na hii nyonga, niseme najuta. Hila ya bahasha nitaijutia. Nimejaribu kidogo na inakuja, hasa upande wa mayai, ule ulikuwa uongo mtupu.

Kiburi ndicho kinanishinda. Kila jioni nakwenda bandani kufanya mazoezi. Napiga magoti kwenye majani, nguruwe wamekaa mstari kama wazee wa baraza, nasema, "Najuta kujivunia dada yangu Fannie." Wananitazama. Hata wao hawaamini. Namwona amesimama mlangoni pa nyuma na kisu cha pai mkononi, naanza tena kutoka mwanzo, najivuna upya. Nimekitafuta kiburi hiki kila kona ili nikitoe, binti yangu. Nimekikuta kimekaa palepale kama kioo chetu cha banda la kuku. Nimepitisha kisu pande zote na hakuna pa kuingilia.

Hii bahasha nimeifunga. Kweli ina ladha ya buti.

Joas wa Bata